Kubadilisha Padi za Breki za Nyuma Nyumbani

Mwenye gari mwenye subira anaweza kubadilisha padi za breki za nyuma mwenyewe, nje ya nyumba yake, na kazi ikatoka safi kuliko inavyotoka kwenye gereji yenye foleni. Fundi anajua zaidi. Wewe una muda zaidi. Kuchomoa padi zilizoisha na kupachika mpya ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni kusafisha na kukagua vile vinavyozishika padi hizo, yaani pini, klipu, breketi na pistoni. Hapo ndipo watu huruka hatua, na baada ya miezi michache padi mpya inakuwa imeisha upande mmoja, gari linanguruma na tairi linatoa harufu ya kuungua.

Nitatumia Subaru Forester za kati ya 2002 na 2012 zenye diski nyuma, kwa sababu zimejaa barabarani kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na breki zake hazina siri. Mark X, Harrier na X-Trail hazitofautiani nazo sana. Kama gari lako ni Passo au Probox, nyuma lina breki za drami, na mambo ya drami ni mengine kabisa.

Handbreki kwanza

Kabla ya kununua chochote, jua handbreki ya gari lako inafanya kazi vipi. Breki ya nyuma hutofautiana na ya mbele kwa hilo. Padi mpya ni nene, kwa hiyo ili ziingie ni lazima pistoni irudi ndani ya kalipa, na namna ya kuirudisha inategemea handbreki ilivyounganishwa.

Kwenye Forester, na hata kwenye Mark X ambayo handbreki yake hukanyagwa kwa mguu, katikati ya diski kuna uwazi uliojengwa kama drami ndogo. Ndani yake mna breki shuu, na waya wa handbreki unavuta shuu hizo tu. Kalipa haihusiki nazo. Pistoni unaisukuma moja kwa moja, kama ya mbele, na inaingia. Ndiyo maana pia padi mpya haziwezi kuponya handbreki isiyoshika kwenye magari haya. Anayelalamika kwamba amebadilisha padi na gari bado linateleza mlimani anatakiwa kuziangalia shuu za ndani.

Namna ya pili iko kwenye Volkswagen Golf za zamani na magari mengi ya Ulaya, pamoja na baadhi ya Honda na Mazda. Waya wa handbreki unaingia mgongoni mwa kalipa yenyewe, kwenye mkono mdogo wenye springi. Ndani ya pistoni kuna skrubu, na uso wake una mikato badala ya kuwa mtupu. Pistoni hii huwezi kuibana kwa klampu ikarudi. Utavunja mtambo wa ndani na utanunua kalipa nzima. Inarudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, kwa kifaa maalumu ambacho maduka mengi ya vifaa vya gereji huuza. Nyingi huzunguka kufuata mshale wa saa, lakini zipo kalipa ambazo upande mmoja wa gari huzunguka kinyume, hivyo ukiona inakataa usitumie nguvu, jaribu upande wa pili. Mwisho, kama mgongo wa padi una kinundu, mkato wa pistoni lazima ukae mahali pake.

Namna ya tatu ni handbreki ya umeme: hakuna mkono wa kuvuta wala wa kukanyaga, kuna kitufe chenye herufi P, na nyuma ya kalipa kumefungwa mota yenye waya. Volkswagen Passat zilizotoka kuanzia 2005 ziko hivi, na Mazda CX-5 za kizazi cha pili pia. Pistoni hizo hurudishwa kwa kuliamuru gari kupitia kompyuta, au kwa utaratibu alioutoa mtengenezaji, kabla spana haijagusa kitu. Bila hayo, mpe fundi mwenye mashine. Kulazimisha huvunja gia za mota.

Kujua kama zimeisha

Padi mpya huwa na lainingi ya karibu milimita 9 au 10. Ikifika milimita 3, nunua nyingine. Padi nyingi za Kijapani zina kibati chembamba cha chuma pembeni, ambacho lainingi ikipungua hugusa diski na kutoa mlio mkali kama filimbi. Huo ni mlio wa onyo na bado una muda kidogo. Mlio wa kukwaruza, chuma kwa chuma, maana yake lainingi imekwisha na sasa unakula diski.

Usiridhike kwa kuchungulia kwenye matundu ya rimu. Unachokiona hapo ni padi ya nje. Ya ndani imejificha nyuma ya diski, na mara nyingi ndiyo iliyo na hali mbaya.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi, na ikiwezekana na padi ya zamani mkononi. Forester mbili za mwaka mmoja zaweza kuwa na padi tofauti kwa sababu ya injini au ukubwa wa diski. Iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, muuza spea atakuambia "hizi zinaingia", na kuingia zinaweza kweli zikaingia; lakini zilinganishe mwenyewe umbo la bati la mgongoni, masikio yake na mahali kibati cha onyo kilipo. Kagua ukingo wa lainingi: usiwe na nyufa, usimeguke ukiukwaruza kwa ukucha, na kusiwe na mwanya kati yake na bati. Bei iliyo nusu ya maduka mengine yote ni sababu ya kuondoka, si ya kufurahi. Hiki ndicho kitu kinachosimamisha gari lenye watoto wako ndani.

Padi za nyuma huuzwa nne pamoja, mbili kila upande, na zote nne hubadilishwa siku moja. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavuta upande ukifunga breki.

Pamoja na padi nunua klipu mpya kama zipo, dawa ya kusafishia breki, na grisi ya silikoni inayotengenezwa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida, ile ya beringi na chesisi, huvimbisha mipira ya pini na kuzifanya pini zigome. Usitumie petroli kusafishia pia, ingawa utaona wengi wakifanya hivyo. Nayo huharibu mipira. Vifaa vingine ni jeki, stendi moja au mbili za jeki, wili spana, spana au soketi namba 14, klampu kubwa ya G, brashi ya waya, kipande cha waya mgumu, na barakoa.

Kuinua gari

Hapa naomba usome polepole. Breki ikifungwa vibaya utaigundua unapojaribu gari uani. Gari likidondoka halikupi nafasi ya kujaribu.

Tafuta ardhi ngumu iliyo sawa. Sakafu ya saruji ni nzuri. Mchanga au kokoto zilizomwagwa juzi hazifai. Zuia matairi yote mawili ya mbele, mbele na nyuma yake, kwa vipande vizito vya mbao au mawe makubwa yenye pembe. Usiitegemee handbreki, kwa sababu inashika magurudumu yaleyale unayotaka kuyainua, na kwa kazi hii utailegeza. Usiitegemee gia ya P peke yake pia. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark X, P hufunga shafti inayokwenda nyuma. Ukishainua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu gurudumu hilo lililo hewani kuzunguka kinyume huku lenzake lililo chini likibingirika. Gari linaondoka kwenye jeki likiwa bado ndani ya P. Kinachokulinda ni zile mbao za mbele.

Legeza nati za tairi robo mzunguko wakati tairi bado liko chini, kisha inua kwa jeki mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji, kwenye ukingo ulioimarishwa chini ya mlango. Weka stendi, shusha gari liikalie, na ulisukume kwa mkono kuona kama linatikisika. Ukishatoa tairi, lilaze chini ya gari karibu na stendi liwe kinga ya pili. Matofali ya saruji usiyatumie hata kwa dakika moja. Tofali linabeba mzigo vizuri, halafu linapasuka ghafla bila kutoa dalili.

Kabla hujaendelea, fungua boneti uangalie chupa ya mafuta ya breki. Padi zinavyokwisha, mafuta hushuka kwenye chupa, na hilo ni kawaida. Lakini kama kuna mtu aliwahi kuongeza hadi juu, utakaposukuma pistoni mafuta yatarudi na kumwagika, na mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Nyonya kidogo kwa bomba la sindano jipya. Ulichonyonya usikirudishe.

Kutoa padi

Fanya upande mmoja umalize, ndipo uende wa pili. Upande ambao hujaugusa ndio picha yako ya kukumbushia kila kitu kinakaa wapi.

Mwagia kalipa na diski maji au dawa ya breki ili vumbi lishuke, na uvae barakoa. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Ni baya kwa mapafu, na padi ambayo hujui ilikotoka yaweza kuwa na asbesto.

Nyuma ya kalipa utaona bolti mbili za namba 14 zinazoishika kwenye pini zake. Fungua ya chini. Kama pini inazunguka pamoja na bolti, ishike kwa spana nyingine nyembamba. Bolti ikitoka, kalipa inainuka juu ikiwa imeshikwa na pini ya juu. Ikigoma, padi zimejichimbia kwenye ukingo wa diski: isukume taratibu kwa bisibisi pana kati ya padi na diski, ili pistoni irudi kidogo. Ukilazimika kuitoa kalipa yote, ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwa mpira wa breki hata kidogo. Mpira huo unaweza kuharibika ndani huku nje ukionekana mzima.

Na kuanzia sasa mtu yeyote asikanyage breki. Mwambie aliye ndani ya gari, mwambie na mtoto anayependa kukalia usukani. Pistoni itaruka nje na kazi itageuka kuwa nyingine.

Soma padi za zamani kabla ya kuzitupa

Zipange sakafuni jinsi zilivyokaa: ya ndani, ya nje. Padi mbili za gurudumu moja zinatakiwa ziwe zimelika karibu sawa. Kama moja imebaki na milimita 5 na mwenzake imefika kwenye bati, kalipa haitembei inavyopaswa: ama pini zimeganda, ama pistoni hairudi. Kama padi moja imelika kwa mshazari, nene upande huu na nyembamba ule, mara nyingi masikio yake yamekwama kwenye breketi au pini moja inatembea na nyingine haitembei. Lainingi inayong'aa kama kioo ilipata joto sana, huenda kwa kushuka mlima mguu ukiwa juu ya breki, au kwa kalipa isiyoachia. Lainingi iliyolowa ina maana kuna kitu kinavuja, na hapo kazi inasimama hadi ujue ni nini kinachovuja.

Ukipachika padi mpya bila kushughulikia ulichokisoma hapo, umezihukumu kufa kifo kilekile.

Pini na breketi

Vuta kila pini kutoka kwenye mpira wake. Pini nzima inateleza kwa vidole viwili na inarudi yenyewe kidogo kwa upepo ulio ndani. Pini inayohitaji kupigwa nyundo ndiyo iliyoua padi zako. Anayeishi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, atakutana nayo mapema kuliko wa bara, kwa sababu ya chumvi. Ifute grisi ya zamani hadi chuma kionekane. Kutu nyepesi iondoe kwa msasa laini. Yenye mashimo, nunua pini nyingine. Safisha na tundu lake. Paka grisi ya silikoni tabaka jembamba tu, kwa sababu grisi ikijaa tundu, pini haitaingia hadi mwisho. Angalia pia kama pini mbili zinafanana. Kwenye kalipa nyingi moja ina kipande cha mpira mwishoni au imechongwa tofauti, na ikibadilishana nafasi na mwenzake kalipa itakwama.

Kisha breketi. Ng'oa klipu za chuma ambamo masikio ya padi hutelezea. Chini yake utakuta kutu imevimba na kupunguza nafasi. Isugue kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe tambarare. Pachika klipu mpya, halafu jaribu padi mpya kwa mkono: iingie na itembee kwa kusukumwa na kidole gumba. Kama unahitaji nyundo kuipachika, pistoni nayo itahitaji nyundo kuirudisha, na haina. Rudi kwenye brashi.

Tazama diski nayo. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechongwa kwenye diski yenyewe, karibu na katikati au ukingoni, baada ya maneno MIN TH. Mifereji inayokwamisha ukucha na nyufa ni sababu ya kuibadilisha. Kutu ya juujuu iliyotokana na mvua ya usiku haina neno, inafutika kwa breki chache za kwanza.

Kurudisha pistoni na kufunga

Kagua mpira unaozunguka pistoni. Ukiwa umechanika au una umajimaji, kalipa inahitaji kufunguliwa na fundi. Ukiwa mzima, weka padi ya zamani juu ya pistoni, bana kwa klampu, na kaza polepole huku ukiangalia chupa ya mafuta. Pistoni ya Forester inaingia kwa nguvu ndogo na bila kushtuka. Ikigoma kabisa, ama imeganda kwa kutu, ama mpira wa breki umeziba ndani na hauruhusu mafuta kurudi. Vyote viwili hutaka kufungua mfumo na kutoa upepo, na kama hujawahi kutoa upepo, siku ya kwanza kujifunza isiwe leo ukiwa peke yako.

Pachika padi mpya, kibati cha onyo kikae pale kilipokuwa kwenye ya zamani. Paka grisi ya breki kidogo kabisa kwenye masikio na mgongoni pale pistoni na kalipa zinapogusa. Kwenye lainingi na diski isifike hata alama ya kidole. Ikifika, safisha kwa dawa ya breki. Shusha kalipa, rudisha bolti ya namba 14 kwa vidole kwanza ili isiharibu uzi, kisha ikaze kwa spana ya kawaida. Usirefushe spana kwa bomba. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako, na kwa mwenye toki renchi hapa ndipo pa kuitumia. Nati za tairi zikaze kwa kupishana, sio kwa kufuatana kwa duara, na mkazo wa mwisho utoe tairi likiwa chini.

Maliza upande wa pili kwa utaratibu huohuo.

Pedeli kabla ya injini

Pistoni sasa ziko mbali na padi. Ukikanyaga breki mara ya kwanza, pedeli itazama hadi sakafuni na gari halitasimama. Kaa kwenye kiti, injini imezimwa, ukanyage polepole na kuachia, tena na tena, hadi pedeli iwe ngumu na ibaki juu. Gari la otomatiki likiwashwa na kuingizwa D kabla ya hapo linakwenda moja kwa moja ukutani. Ikigoma kuwa ngumu, usiwashe. Kuna hewa au kuna mahali panavuja.

Angalia mafuta kwenye chupa. Kama yako chini ya alama, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa isiyowahi kufunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155, na mafuta yakichemka mteremkoni, pedeli inazama.

Ondoa mbao, tembeza gari uani na usimame mara kadhaa. Kisha tafuta barabara tupu. Fika kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi karibu 15 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo tena, pumzisha kama nusu dakika, rudia mara nane hadi kumi. Lainingi inajipaka kwenye diski kwa usawa. Baada ya hapo endesha kilomita chache bila kugusa breki sana ili zipoe, na usisimame umekanyaga wakati diski bado zina moto. Safari ya Lushoto, Kitonga au Mai Mahiu isiwe siku hiyo. Zipe padi kilomita mia mbili za kawaida kwanza.

Ukirudi nyumbani, sogeza mkono karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Joto lilingane kushoto na kulia. Upande ulio moto zaidi waziwazi una kalipa isiyoachia: rudi kwenye pini za upande huo. Kesho yake chungulia kama kuna tone la mafuta upande wa ndani wa tairi, na ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100, kaza tena nati zote za tairi.